Hatari iliyojifuta yenyewe: kisa cha akaunti ya mhasibu na sera za kuingia kwa kupima hatari

Kampuni na watu wake

Kampuni hii ni wakala wa forodha mjini Mombasa. Jina lake, tarehe, kiasi cha fedha na majina ya wateja nimeyaondoa, na mambo madogo mawili matatu nimeyageuza ili isitambulike. Kazi yake ni kutoa makontena bandarini, mengi yakiwa mizigo ya transiti ya kwenda Uganda na Rwanda. Wafanyakazi hawafiki mia: wahasibu, maafisa wa nyaraka, wasimamizi wa safari, madereva na watu wa ghala. Barua pepe na mafaili yote yako kwenye Microsoft 365. Ofisini hakuna seva, ila mashine ya kurekodi kamera.

Fundi wa kompyuta ni mmoja, kijana mwenye bidii, na kumbukumbu za kuingia anazisoma kweli. Nalitaja hili mapema kwa sababu visa vya aina hii husimuliwa kana kwamba fundi alilala. Huyu alikuwa macho, na alipiga simu siku ileile.

Sera zilizokuwepo

Kila mfanyakazi alikuwa na uthibitishaji wa hatua mbili kwenye simu, kwa mtindo wa kulinganisha namba: skrini inaonyesha tarakimu mbili, nawe unaziandika kwenye programu ya Authenticator. Njia za zamani za kuingia, zile zisizojua kudai hatua ya pili, zilikuwa zimefungwa. Wahasibu na wakurugenzi walikuwa wamenunuliwa leseni ya P2 ya Entra ID, huduma ya Microsoft ya kusimamia akaunti za kuingia, ambayo ndiyo inayoruhusu sera zinazotegemea hatari. Wengine walibaki na kifurushi cha Business Premium, ambacho kinaishia leseni ya chini yake, P1. Kwa P1 mfumo unaweza kukuambia kuna hatari, lakini hausemi ni hatari gani.

Kwa asiyezifahamu sera hizi, mfumo hupima vitu viwili. Kwanza ni hatari ya kuingia: je, huku kuingia kwa sasa hivi kunafanywa na mwenyewe? Pili ni hatari ya mtumiaji: je, akaunti kwa jumla inaonekana imeshaangukia mikononi mwa mtu mwingine? Kila moja hupewa daraja la chini, la kati au la juu. Ishara zinazotumika ni kama anwani ya IP isiyozoeleka, mtandao wa kuficha mahali ulipo, miji miwili iliyo mbali kwa muda usiotosha kusafiri, nenosiri lililokutwa kwenye orodha zilizovuja, au tokeni (kibali cha kidijitali ambacho kivinjari hupewa mtu akishaingia) yenye tabia ngeni. Baadhi hupimwa papo hapo mtu anapogonga mlango, nyingine hugunduliwa baadaye, mlango ukiwa umeshafunguliwa zamani.

Awali sera ya kampuni ilizuia kabisa kuingia kokote kwa hatari ya kati au ya juu. Mkurugenzi akasafiri kwenda Dubai. Simu yake ilikuwa kwenye roaming, na data ya roaming kwa kawaida hurudishwa kwanza kwa mtandao wa nyumbani, kwa hiyo kwa mfumo simu ilikuwa bado Kenya. Laptopu ilikuwa kwenye Wi-Fi ya hoteli, yaani Emirati. Mtu mmoja, nchi mbili, dakika chache. Akafungiwa nje katikati ya mkutano na mteja, na amri ikaja kwa simu: legezeni.

Ikalegezwa hivi. Hatari ya kuingia ikiwa ya kati au ya juu, mfumo udai hatua ya pili badala ya kuzuia. Ndivyo Microsoft wenyewe wanavyopendekeza, na kwa kampuni nyingi ni sawa. Sera ya hatari ya mtumiaji, ambayo ingelazimisha kubadili nenosiri, iliwekwa katika hali ya kuripoti tu, ikisubiri siku ambayo mtu angepata nafasi ya kuipitia. Siku hiyo haikufika.

Mambo yalivyokwenda

Asubuhi moja mhasibu mkuu alipokea barua pepe kutoka kwa wakala wa meli anayeandikiana naye kila wiki. Anwani ilikuwa ya kweli. Sanduku la wakala huyo lilikuwa limeshaibwa kabla. Ndani kulikuwa na kiungo cha notisi ya kuwasili kwa meli, na meli iliyotajwa ilikuwa njiani kweli.

Kiungo kilifungua ukurasa wa kuingia wa kampuni, wenye nembo yao na picha yao ya nyuma. Haukuwa mchoro wa kuigiza. Ilikuwa seva ya mwizi iliyokaa katikati, ikichukua ukurasa halisi kutoka Microsoft na kumpitishia mhasibu, kisha kupeleka kila alichoandika upande wa pili. Kitu pekee kilichokuwa cha uongo ni anwani iliyoandikwa juu ya kivinjari. Mama mhasibu akaandika nenosiri. Namba mbili zikatokea kwenye skrini, akaziandika kwenye simu yake. Mfumo ukatoa tokeni, seva ya katikati ikaibakisha, na mama akapelekwa kwenye faili la PDF lisilo na maana. Alidhani wakala amekosea kuambatanisha.

Upande wa mfumo, kilichoonekana ni mhasibu akiingia kutoka kwenye seva ya kukodi Ulaya, kwa kivinjari ambacho hakijawahi kuonekana. Hatari ya kuingia: ya kati. Sera ikafanya kazi yake na kudai hatua ya pili. Hatua ya pili ikatimizwa. Na hapa ndipo kiini cha kisa kilipo: mtumiaji akitimiza hatua ya pili chini ya sera ya namna hii, mfumo huhesabu kwamba mwenyewe amejithibitisha, na hatari ile hufungwa yenyewe. Kwenye ripoti iliandikwa kuwa imetatuliwa. Hakuna tahadhari iliyokwenda kwa mtu yeyote, kwa kuwa hakukuwa na hatari iliyobaki wazi.

Mchana wa siku hiyo fundi, akipitia ripoti kama kawaida yake, aliona mstari ule. Akampigia.

"Shikamoo mama. Samahani, ni wewe uliyeingia kwenye barua pepe asubuhi, kama saa tatu hivi?"

"Marahaba mwanangu. Ndiyo ni mimi, hata imeniitisha namba nikaweka."

Fundi akashukuru, akabonyeza kuthibitisha kuwa kuingia kule ni salama. Mama hakudanganya, na fundi hakuzembea.

Wakati huo mwizi alikuwa tayari ndani. Dakika chache baada ya kuingia alikuwa ameongeza simu yake mwenyewe kama njia ya pili ya uthibitishaji kwenye akaunti ya mhasibu. Kisha akaweka kanuni kwenye kisanduku: barua yoyote kutoka kwa wateja wawili wakubwa yenye maneno kama invoice, payment au SWIFT ihamishiwe folda ya RSS na iwekwe alama ya kuwa imesomwa. Folda ya RSS ipo kwenye Outlook ya watu wengi na sijakutana na mhasibu anayeifungua.

Kwa zaidi ya wiki alisoma tu. Alijifunza nani anamwita mwenzake kwa jina gani, ankara hutoka siku gani, na mama hufunga barua zake kwa maneno gani. Katikati ya muda huo mfumo uligundua kwamba tokeni ile inatumika kwa namna isiyo ya kawaida, na hatari ya mtumiaji ikapanda hadi ya juu. Sera husika ilikuwa katika hali ya kuripoti tu. Kwenye kumbukumbu iliandikwa, kwa uaminifu kabisa, kwamba kama ingekuwa imewashwa ingedai nenosiri libadilishwe.

Mwishowe zikatoka barua mbili kutoka kwenye sanduku halisi la mhasibu, ndani ya mazungumzo yaliyokuwa yakiendelea, zikiwa na ankara halisi zilizobadilishwa kitu kimoja tu, namba ya akaunti ya benki. Mteja mmoja alilipa. Wa pili, kampuni ya Kampala, mhasibu wao aliona jina la mwenye akaunti halifanani na la wakala, akainua simu na kumpigia mama kwa namba ya mezani aliyokuwa nayo tangu miaka mingi. Ndipo kila kitu kilipojulikana. Mimi niliitwa jioni hiyo.

Maamuzi ya saa za kwanza

Fundi alikuwa tayari ameshika kipanya abadilishe nenosiri. Tulikubaliana asubiri dakika kumi, kwa sababu mpangilio wa hatua una maana. Mwizi alikuwa na simu yake kwenye akaunti. Nenosiri likibadilishwa kwanza, angeweza kulirudisha mikononi mwake kupitia huduma ya kujirejeshea nenosiri, akijithibitisha kwa simu ileile. Kwa hiyo akaunti ilizimwa kwanza. Vipindi vyote vilivyo wazi vikabatilishwa. Njia za uthibitishaji zikafutwa zote, hata za mama mwenyewe, kisha nenosiri jipya na usajili mpya wa simu, mama akiwa amekaa mbele yetu.

Kanuni ya kisanduku tuliipiga picha na kuitoa kama faili kabla ya kuifuta. Kumbukumbu za kuingia nazo tulizihamisha usiku huohuo, maana kwa leseni za P1 na P2 hukaa siku 30 tu, na kwa huduma ya bure ni siku 7. Mwizi angekuwa mvumilivu zaidi, siku aliyoingia ingekuwa imeshafutika.

Tulitafuta pia ruhusa ambazo huenda amezipa programu za nje na kanuni za kupeleka barua kwingine. Hazikuwepo. Wateja walipigiwa simu mmoja mmoja. Hakuna aliyeandikiwa barua pepe. Mteja aliyelipa aliambiwa aende benki yake saa hiyohiyo kuomba fedha zisimamishwe, na taarifa ikapelekwa polisi.

Lilibaki la sheria. Sanduku la mhasibu lilikuwa na nakala za vitambulisho na PIN za kodi za waagizaji wengi. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka Kamishna wa Data ajulishwe ndani ya saa 72 tangu kujua, pale ambapo waliohusika wanaweza kudhurika. Mkurugenzi aliuliza kama tungoje hadi tupate uhakika wa kilichosomwa. Wakili wake alishauri apeleke taarifa na kile kinachojulikana, mengine yafuate. Ikapelekwa siku ya pili.

Kuzipanga sera upya

Pendekezo la kwanza mezani lilikuwa kufunga kila nchi isipokuwa Kenya. Linavutia kwa sababu linaeleweka, lakini tulilikataa. Madereva na wasimamizi wao hufika Malaba, na pale simu hushika mtandao wa Uganda bila kumuuliza mtu. Wakurugenzi husafiri. Na mwizi aliyejipanga hukodi anwani za majumbani katika nchi anayoitaka. Kundi lililoingia kwenye barua pepe za Microsoft yenyewe, shambulio ambalo kampuni hiyo ilitangaza Januari 2024, lilipitia anwani za namna hiyo lilipokuwa likibahatisha maneno ya siri.

Badala yake tuliitazama ile hatua ya pili. Kwa wahasibu na wakurugenzi, kuandika namba kwenye simu hakukubaliki tena. Wanatumia ufunguo wa usalama wa FIDO2, kifaa kidogo cha USB. Ufunguo huu umefungamana na anwani ya tovuti ambayo ulisajiliwa. Ukurasa wa katikati ukiwa na anwani tofauti, ufunguo haujibu kitu, hata mtumiaji akiubonyeza kwa nia njema mpaka jioni. Kila mtu alipewa miwili, mmoja wa mfukoni na mmoja wa kabati, kwa sababu anayebaki na mmoja ataupoteza, na siku hiyo utaombwa umfungulie njia ya mkato.

Sera ya hatari ya mtumiaji iliwashwa. Kuhusu nini kifanyike ikifika daraja la juu tulibishana sana. Mfumo unaweza kumwachia mtumiaji ajitatulie kwa kubadili nenosiri, au ukamzuia hadi msimamizi aingilie. Fundi alitaka kuzuia kwa wote. Mkuu wa shughuli alikumbusha kwamba kontena likichelewa bandarini linatozwa gharama za kukaa, na afisa wa nyaraka aliyefungiwa Ijumaa jioni ni hasara ya kweli. Tukagawanya: wahasibu wanazuiwa, wengine wenye P2 wanajitatulia. Leseni yenyewe iliongezwa kwa maafisa wa nyaraka wanaoandikiana na wateja. Madereva na ghala hawakununuliwa. Wana hatua mbili za kawaida na hawatumi ankara.

Kusajili simu au ufunguo mpya sasa kunawezekana tu kutoka mtandao wa ofisi, au kwa pasi ya muda anayotoa fundi baada ya kumwona mtu uso kwa uso au kwa video.

Katika kupekua tulikuta jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Mtu fulani, zamani, alikuwa ameandika anwani za kampuni ya simu kama mahali panapoaminika, ili mameneja wasisumbuliwe. Mahali panapoaminika hupunguza daraja la hatari linalokokotolewa. Na kwenye mitandao ya simu, umati wa wateja hutoka nje kwa anwani moja ya pamoja, kwa hiyo kampuni ilikuwa imeufanya mfumo uuamini umma mzima. Tulibakisha anwani moja tu, ile ya kudumu ya ofisi.

Akaunti mbili za dharura zilitengwa nje ya sera hizi, funguo zake zikafungiwa kwenye sefu. Mkurugenzi naye aliomba atengwe nje, akitaja Dubai. Hilo halikukubaliwa, ila alionyeshwa kwamba kwa ufunguo wake mfumo ukidai uthibitisho anaubonyeza mara moja na kuendelea na mkutano. Alipojaribu akiwa hotelini safari iliyofuata, hakupiga simu.

Sera zote mpya zilikaa wiki mbili katika hali ya kuripoti tu, safari hii kukiwa na jina la anayesoma ripoti na tarehe ya kuziwasha iliyoandikwa ukutani kwa fundi.

Matokeo

Fedha za mteja aliyelipa zilirudi sehemu. Iliyobaki ilizua mvutano mrefu juu ya nani aibebe, na pande mbili zikaishia kugawana. Mteja bado yupo, lakini tangu hapo hulipa baada ya kupiga simu.

Wiki za kwanza za sera mpya zilikuwa na kero. Afisa mmoja alilazimishwa kubadili nenosiri mara mbili kwa sababu ya VPN ya bure aliyoiweka kwenye laptopu ili atazame mpira. VPN ikaondolewa, kero ikaisha. Kero nzito zaidi ilitokea mwisho wa mwezi: mhasibu msaidizi alizuiwa saa mbili usiku, fundi hakupatikana, na orodha ya mishahara ikachelewa hadi asubuhi.

Miezi kadhaa baadaye barua kama ile ya kwanza ilifika tena, na mhasibu mmoja akaifungua. Aliandika nenosiri, akachomeka ufunguo, kimya. Akaubonyeza tena. Akampigia fundi kulalamika kwamba ufunguo umeharibika.

Uchambuzi

Sera ya kwanza haikushindwa kutambua hatari. Iliitambua sekunde ileile, kwa daraja linalofaa. Kilichoshindwa ni dawa iliyowekwa mbele ya hatari hiyo. Kudai namba iandikwe kwenye simu ni kinga nzuri dhidi ya mtu mwenye nenosiri la kuibwa peke yake, na wezi wengi bado ni wa aina hiyo. Dhidi ya mtu aliyekaa katikati, mwenye akaunti ndiye anayemjibia. Ni bawabu anayeuliza "hodi ya nani?", mwenye nyumba akajibu "ni mimi", na mgeni akapita naye sambamba.

Simu ya fundi ilirudia kosa hilohilo kwa mdomo. Swali "ni wewe?" lina jibu moja kwa mtu aliyehadaiwa vizuri. Leo fundi huuliza: mama, ulikuwa wapi saa hiyo, kwa kompyuta ipi, na ulifika kwenye ukurasa ule kwa kubonyeza nini? Jibu la "kwa kiungo cha barua pepe" lingetosha kusimamisha kila kitu siku ya kwanza.

Hali ya kuripoti tu ni chombo kizuri ambacho hapa kiligeuka kuwa kabati. Sera isiyo na tarehe ya kuwashwa hujaza kumbukumbu tu, na aliyeiandika hudhani ameshafanya jambo. Ningesema hili ndilo lililogharimu zaidi, kwa sababu daraja la juu lilifika kabla ya ankara za uongo kutumwa. Kulazimishwa kubadili nenosiri siku ile pengine kungemwamsha mama na fundi hata kama kusingemtoa mwizi moja kwa moja.

Kilichofaa kuliko vyote hakikuwa kwenye mfumo. Ni mhasibu wa Kampala aliyesoma jina la akaunti na kupiga namba anayoijua. Kampuni sasa imeandika utaratibu huo kwa pande zote mbili: akaunti ya benki haibadilishwi kwa barua pepe, na anayepokea ombi la kuibadilisha hupiga namba iliyopo kwenye mkataba, kamwe si ile iliyo kwenye barua.

Yapo yaliyobaki wazi. Ufunguo hauzuii programu hasidi kuiba tokeni kutoka kwenye laptopu ambayo mwenyewe ameshaingia kihalali, ndiyo maana kompyuta za wahasibu sasa lazima ziwe zile zinazosimamiwa na kampuni. Zile za maafisa wa nyaraka bado nyingine ni zao binafsi. Na swali la saa mbili usiku mwisho wa mwezi halijapata jibu zuri: kwa sasa mkuu wa shughuli amefundishwa kumwondolea mtu kizuizi fundi asipopatikana, na kila anapofanya hivyo fundi hupata ujumbe kwenye simu.